Kulinganisha kwa Kiingereza, kufasiri kwa Kipolandi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wanaouliza maswali haya ni wa aina tatu. Wapo wanafunzi wanaokwenda Polandi na kuanza na mwaka wa lugha, kwa mfano Łódź, ambako kituo cha kuwafundisha wageni Kipolandi kimekuwapo tangu 1952. Wapo walioajiriwa huko. Na wapo wafasiri wanaopewa matini ya Kiingereza na kutakiwa kuirudisha kwa Kipolandi. Wote wamejifunza Kipolandi kupitia vitabu vya Kiingereza, na wote wanakwama palepale: kwenye "than", "more" na "as". Jambo moja litajitokeza tena na tena hapa chini: kwenye kulinganisha, Kiswahili ulichonacho mara nyingi kiko jirani na Kipolandi kuliko Kiingereza ulichosomea.

## Misingi

Je, Kipolandi nacho kina "-er" na "more"?

Kina njia zote mbili, ila hakizigawi kama Kiingereza. Kiingereza huangalia urefu wa neno: fupi hupewa "-er", refu hutanguliwa na "more". Kipolandi hupendelea kiambishi tamati hata pale Mwingereza anapotumia "more". "More beautiful" ni *piękniejszy*, "more expensive" ni *droższy*, "more difficult" ni *trudniejszy*, "more dangerous" ni *niebezpieczniejszy*. Kwa hiyo ukiona "more" kwenye matini, usikimbilie *bardziej*, neno la Kipolandi la "more".

Kufikia kilele, yaani "-est" na "the most", ni rahisi: chukua umbo hilohilo, tanguliza *naj-*. *Piękniejszy* huwa *najpiękniejszy*, *droższy* huwa *najdroższy*.

Nitajuaje kama ni -szy au -ejszy?

Tazama mzizi unaishaje. Ukiishia kwa konsonanti moja, kwa kawaida ni *-szy*: *stary – starszy*, *młody – młodszy*, *ciekawy – ciekawszy*. Konsonanti zikirundikana, ni *-ejszy*, na ile iliyotangulia hulainika: *ładny – ładniejszy*, *łatwy – łatwiejszy*, *ciepły – cieplejszy*. Vivumishi vingi vya *-ki*, *-oki* na *-eki* huangusha mkia huo kwanza: *krótki – krótszy*, *szeroki – szerszy*, *daleki – dalszy*. Sauti nazo hubadilika njiani: *drogi – droższy*, *wysoki – wyższy*, *biały – bielszy*. Halafu kuna wakaidi kama *prosty*, ambacho hutoa *prostszy* licha ya konsonanti zake mbili. Hao huzoeleka kwa kusoma. Kukariri kanuni hakusaidii sana.

Yapi hayafuati kanuni kabisa?

Manne ya kila siku: *dobry – lepszy*, *zły – gorszy*, *duży – większy*, *mały – mniejszy*. Vielezi vyao ni *lepiej*, *gorzej*, *więcej*, *mniej*. Yajue kabla hujapanda ndege.

Ni lini basi nitumie bardziej?

Kwa vivumishi vinavyotokana na vitenzi na vingine vichache visivyokubali kiambishi: *bardziej zmęczony*, *bardziej interesujący*, *bardziej znany*. Ajabu ndogo: mwenye afya anaweza kuwa *zdrowszy*, lakini mgonjwa hana umbo lake, ni *bardziej chory*.

Usiweke vyote viwili. *Bardziej lepszy* ni kosa kama "more better", na sisi tunalifanya kwa urahisi kwa sababu kwa Kiswahili "bora zaidi" ni sahihi kabisa.

Je, maumbo haya hubadilika kulingana na nomino?

Hubadilika, na hapa Mswahili asitishike. Aliyekua akisema mti mrefu, kiti kirefu, nyumba ndefu na watu warefu hawezi kushangazwa na *wyższy brat*, *wyższa siostra*, *wyższe drzewo*. Kwenye wingi, kundi lenye wanaume hupata umbo lake, *wyżsi bracia*. Mengine yote ni *wyższe*. Kisha hali ya nomino, yaani umbo inalovaa kulingana na kazi yake katika sentensi, nayo huingia: *szukam tańszego pokoju*, natafuta chumba cha bei nafuu zaidi, *mieszkam w większym mieszkaniu*, naishi kwenye nyumba kubwa zaidi. "Cheaper" na "bigger" za Kiingereza hazikuonyi kuhusu hayo yote.

## "Than"

Nitumie niż au od?

Mara nyingi zote mbili zinafaa. *Kilimandżaro jest wyższe niż Rysy* na *Kilimandżaro jest wyższe od Rysów* zina maana moja: Kilimanjaro, mita 5,895, ni mrefu kuliko Rysy, kilele cha juu kabisa Polandi chenye mita 2,499. Tofauti ni kwamba baada ya *niż* nomino hapo hubaki kama ilivyo, ilhali *od* huidai iingie kwenye hali iitwayo *dopełniacz*, ile ambayo vitabu vya Kiingereza huiita "genitive".

Ushauri wangu kwa anayeanza: kwa nomino shika *niż*, utajiokoa na miisho. Kwa viwakilishi, kariri *ode mnie*, *od ciebie*, *od niego*, *od niej*, *od nas*, kwa sababu utavisikia kutwa. *On jest wyższy ode mnie*: yeye ni mrefu kuliko mimi.

Kuna mahali od haifai?

Ndiyo. Inataka nomino au kiwakilishi mbele yake. Ukilinganisha mahali na mahali, kielezi na kielezi, au tendo na tendo, ni *niż* tu. *W Krakowie jest cieplej niż w Gdańsku*, Kraków kuna joto kuliko Gdańsk. *Lepiej późno niż wcale*, heri kuchelewa kuliko kukosa kabisa. *Łatwiej mówić niż pisać*, ni rahisi kusema kuliko kuandika.

Nifasiri vipi "She likes me more than you"?

Hili ndilo swali lenye uzito kuliko yote kwenye ukurasa huu, na jibu la kweli ni kwamba huwezi kulifasiri mpaka ujue alikuwa na maana gani.

Sentensi ya Kiingereza ina njia mbili. Ama wewe pia unanipenda ila yeye amekuzidi, ama yeye anatupenda sote wawili ila mimi zaidi. Kiswahili nacho kinaacha mlango wazi: "Ananipenda mimi kuliko wewe" inaweza kuzua ugomvi mezani. Kipolandi hukulazimisha kuchagua. *Ona lubi mnie bardziej niż ty*: *ty* ni mtendaji, yaani yeye ananipenda kuliko unavyonipenda wewe. *Ona lubi mnie bardziej niż ciebie*: *ciebie* ni mtendwa, yaani ananipenda mimi kuliko anavyokupenda wewe. Nomino iliyo baada ya *niż* huvaa hali ya yule inayelinganishwa naye.

Hiyo si hila ya vitabu vya sarufi. Chukua "I trust the doctor more than my brother". *Ufam lekarzowi bardziej niż bratu* inasema ndugu yangu namwamini kidogo. *Ufam lekarzowi bardziej niż brat* inasema ndugu yangu ndiye asiyemwamini daktari sana. Katika barua ya hospitali au maelezo ya shahidi, herufi moja ya mwisho hubadilisha nani anamshuku nani. Jiulize: kuliko nani anayefanya, au kuliko nani anayefanyiwa? Muktadha ukikosa jibu, mwulize mwandishi.

Na usidhani *od* itakuokoa. *Ona lubi mnie bardziej od ciebie* inaurudisha utata uleule, kwa kuwa umbo ni moja kwa maana zote mbili.

Kabla ya niż naweka koma?

Weka ikiwa kinachofuata kina kitenzi chake: *Jest droższy, niż myślałem*, ni ghali kuliko nilivyodhani. Msemaji akiwa mwanamke ni *myślałam*. Pasipo kitenzi, hakuna koma: *Jest droższy niż tamten*.

Nimesikia watu wakisema lepszy jak. Ni sahihi?

Mitaani utaisikia. Kwenye mtihani, barua ya kazi na tafsiri ya kulipwa, baada ya umbo la kuzidi andika *niż*. Baada ya kukanusha, *jak* inavumiliwa, mfano *nie więcej jak dziesięć*, lakini hata hapo *niż* haikosei.

## "More", "much" na hesabu

Mbona "more" inafasiriwa kwa maneno tofauti?

Kwa sababu "more" hufanya kazi za watu watatu. Wingi ni *więcej*, na nomino yake huingia kwenye *dopełniacz*: *potrzebuję więcej czasu*, nahitaji muda zaidi. Kiwango ni *bardziej*: *jestem bardziej zmęczona*, nimechoka zaidi. Nyongeza ni *jeszcze*: "one more tea" ni *jeszcze jedną herbatę*. Ukimwagiza mhudumu *więcej herbaty* atakuelewa, ila umeomba chai iwe nyingi, hukuomba kikombe kingine.

"More than 100 people" ni *ponad sto osób* au *więcej niż sto osób*. Na "I don't live there any more" haina kulinganisha ndani yake: *już tam nie mieszkam*.

"Less" na "fewer", ambazo walimu wa Kiingereza huzigombania, zote ni *mniej*.

Naweza kusema bardzo lepszy?

Hapana, kama usivyosema "very better". "Much better" ni *o wiele lepszy*, *dużo lepszy* au *znacznie lepszy*. Hili la mwisho lina harufu ya ofisini. "A bit better" ni *trochę lepszy*, "even better" ni *jeszcze lepszy*.

"Two years older than me" inakuwaje?

Ruka Kiingereza hapa. Kiswahili kinasema "ni mkubwa wangu kwa miaka miwili", na Kipolandi kinasema *jest o dwa lata starszy ode mnie*. *O* ndiyo "kwa" yetu. Kiingereza hakina neno lolote mahali hapo, na ndiyo maana waliofikiri kwa Kiingereza huisahau. Vivyo hivyo *o pięć złotych droższy*, ghali zaidi kwa złoty 5, na *o połowę tańszy*, nafuu kwa nusu ya bei.

Na "twice as high as"?

Kiingereza huweka "as… as" baada ya idadi. Kipolandi kwa kawaida huweka umbo la kuzidi: *Kilimandżaro jest ponad dwa razy wyższe od Rysów*. *Trzy razy większy* maana yake ni ukubwa mara tatu, basi. *Dwa razy tańszy* ni nusu ya bei, na Wapolandi huisema bila wasiwasi, ingawa "twice as cheap" huwakera wahariri wa Kiingereza.

Kwenye mikataba angalia asilimia. Riba ikipanda kutoka 5% hadi 7%, imepanda *o 2 punkty procentowe*, pointi mbili za asilimia; ukiandika *o 2%* umeandika kitu kingine, kwani ongezeko lenyewe ni la 40%.

## Kulingana na kufanana

"As… as" nifasiri vipi?

*Tak… jak*, *tak samo… jak*, au *równie… jak*. *Ona jest tak samo wysoka jak on*, ana urefu sawa naye. Kwa kukanusha: *nie tak drogi jak*, si ghali kama.

"Less" kwa kivumishi je?

*Mniej* hukubalika popote, *mniej interesujący* kwa mfano. Lakini kivumishi kikiwa na kinyume chake cha kawaida, tumia kinyume: badala ya *mniej drogi*, sema *tańszy*.

Ten sam na taki sam zina tofauti gani?

Kubwa. *Mamy ten sam samochód*: gari ni moja, tunalitumia sote. *Mamy taki sam samochód*: magari ni mawili, aina ni moja. "We have the same car" haikuambii ni lipi. Kiswahili tunatofautisha, "lilelile" na "la aina ileile", kwa hiyo sikiliza sikio lako la nyumbani. Kinachofuata nacho hutofautiana: *taki sam jak*, lakini *ten sam co*, kama *ten sam pokój co wczoraj*, chumba kilekile cha jana.

Jak au jako?

Hapa Kiswahili hakisaidii, maana "kama" yetu inabeba zote. *Jako* ni wadhifa halisi: *pracuje jako nauczyciel*, ni mwalimu, ndiyo kazi yake. *Jak* ni mfano: *mówi jak nauczyciel*, huongea kimwalimu, huenda anauza matunda. Kiingereza safi hutenganisha "as" na "like" kwa namna hiyohiyo. Kwenye wasifu wa kazi kosa hili huchekesha watu ambao hukutaka wacheke.

"As soon as possible"?

*Jak najszybciej*. Kanuni ni *jak* pamoja na kilele: *jak najtaniej*, kwa bei ya chini iwezekanavyo, *jak najwięcej*, kwa wingi iwezekanavyo. Usitafute "possible" ilikopotelea.

## Kilele, na kuongezeka

"In the world", "in Poland", "of all" hufuatana na nini?

Kwa kawaida nchi na bara huchukua *w*: *najwyższy szczyt w Polsce*, *w Afryce*. Dunia huchukua *na*: *na świecie*. Kundi huchukua *z* na *dopełniacz* ya wingi. Tengeru, karibu na Arusha, ambako wakimbizi wa Kipolandi waliishi tangu 1942, lilikuwa *największe z polskich osiedli w Afryce*, kubwa kuliko makazi yote ya Wapolandi barani.

"One of the oldest" na "the second largest"?

Kwa la kwanza, *jeden* hufuata jinsia ya nomino, na baada ya *jest* hubadilika: *Uniwersytet Jagielloński jest jednym z najstarszych uniwersytetów w Europie*; chuo kikuu hicho cha Kraków kilianzishwa 1364. Mji, kwa Kipolandi jinsia ya kati, ni *jedno z najstarszych miast*.

La pili, Kiswahili tena. Tunasema "mji wa pili kwa ukubwa", nao husema *drugie co do wielkości miasto*. Neno kwa neno. Kraków ndio mji huo, baada ya Warszawa. Anayefasiri "second largest" moja kwa moja hupata *drugie największe*, ambayo wahariri wengi huifuta.

"The best tea I have ever drunk"?

*Najlepsza herbata, jaką kiedykolwiek piłam*, msemaji akiwa mwanamke. *Piłem* akiwa mwanamume. Baada ya kilele, *jaki* hupendeza kuliko *który*. "I" ya Kiingereza haina jinsia, wala "ni-" yetu, kwa hiyo mjue msemaji kabla ya kuandika.

"The more, the better" na "more and more"?

*Im więcej, tym lepiej*. *Im… tym* ni "kadiri… ndivyo" yetu: *Im dłużej tu mieszkam, tym lepiej rozumiem*, kadiri ninavyozidi kukaa hapa ndivyo ninavyozidi kuelewa. Koma kabla ya *tym* haikosekani. "More and more" ni *coraz* na umbo la kuzidi mara moja tu: *coraz zimniej*, baridi inazidi. Kufikia Novemba utakuwa unaisema bila kufikiri.

## Misemo ya "as… as a…"

Naweza kuhamisha mnyama kama alivyo?

Wakati mwingine. Mjanja ni mbweha kote, *chytry jak lis*. Fukara ni panya wa kanisani, *biedny jak mysz kościelna*. Mwenye maringo ni tausi, *dumny jak paw*. Aliyeona haya ni kiazisukari chekundu, *czerwony jak burak*.

Kwingine mnyama hubadilika. "Blind as a bat" ni *ślepy jak kret*, popo akiwa fuko. "Stubborn as a mule" ni *uparty jak osioł*, punda. Anayevuta sigara "like a chimney" kwa Kipolandi huvuta *jak smok*, kama joka, na anayetukana "like a trooper" hutukana *jak szewc*, kama fundi viatu. Mafundi viatu hawakuulizwa. Mwenye afya tele, "fit as a fiddle", ni *zdrowy jak ryba*, samaki. Na "like two peas in a pod", sisi tukisema shilingi kwa ya pili, ni *jak dwie krople wody*, matone mawili ya maji.

Mingine haina mwenzake. "Cool as a cucumber" usiitafutie tango. *Zachował zimną krew*, alibaki mtulivu, inatosha. Lakini mwandishi akibuni mfano wake mwenyewe, usimbadilishie kwa msemo uliozoeleka. Uhamishe kama ulivyo, hata ukisikika mgeni, kwa sababu ndivyo alivyotaka usikike.

## Mitego

Starszy pan ni mzee kuliko nani?

Hakuna. Ni namna ya adabu ya kumtaja mtu mzima, kama "an older gentleman". *Stara pani* ni utovu wa adabu. *Starsza pani* ni heshima, ingawa kisarufi inaonekana imemwongezea miaka. Vivyo hivyo *dłuższy czas* ni muda mrefu kiasi, unaoweza kuwa mfupi kuliko *długi czas*, na *wyższe wykształcenie* ni elimu ya juu. Usiongeze *niż* ambayo haipo.

"More sad than angry": mbona siwezi kusema smutniejszy?

Kwa sababu humlinganishi na mtu mwingine. Unalinganisha sifa mbili za mtu mmoja. Hapo *bardziej* hurudi hata kwa kivumishi chenye kiambishi chake: *bardziej smutny niż zły*. Kiingereza hufanya vilevile, ndiyo maana hukuona "sadder".

"I prefer tea to coffee"?

*Wolę herbatę od kawy* au *wolę herbatę niż kawę*. Usiweke *bardziej*, *woleć* tayari ina kuzidi ndani yake. Kwa matendo ni *niż* pekee, kwa sababu ileile iliyo chini ya swali la *od*: *wolę czytać niż oglądać telewizję*.

"The most optimal solution" nifasiri kama ilivyo?

*Optymalny* tayari ni bora kupita yote, na *najbardziej optymalny* ni kosa linalojulikana sana kwenye ripoti za ofisini. Andika *najlepsze rozwiązanie*, na ikiwa matini ni ya kisheria, mjulishe mteja kwamba umeondoa neno.